Kikombe Kimoja cha Unga ni Gramu Ngapi? Inategemea Nani Kakijaza

Msomaji mmoja kaniandikia wiki hii: "Dada, resipi inasema vikombe viwili vya unga wa ngano, mimi nina mizani tu. Niweke gramu ngapi?" Nikamjibu upesi: 240 hadi 250. Lakini jibu hilo peke yake halitamfikisha mbali, na mimi suala hili nimelibeba rohoni muda mrefu.

Nilipoanza kuoka kwa oda, kuna mtu aliyenitangulia katika kazi hii alikuwa akinicheka mbele ya wenzangu. Nikiweka bakuli juu ya mizani, yeye: "Huyo kaja kufungua duka la dawa." Wote wanaangua kicheko. Keki zake zilikuwa tamu, sikatai. Ila leo laini, kesho kavu, na lawama zote zikaangukia oveni. Juzi nimetoa keki ya harusi ya ngazi tano, kila ngazi imechambuka vilevile kuanzia ya chini hadi ya juu. Natamani angekuwepo aonje.

Tatizo ni kwamba kikombe hupima nafasi, mizani hupima uzito. Kwa maji hutaona shida, kwani mililita moja ni gramu moja. Unga una hewa ndani yake. Ukizamisha kikombe kwenye mfuko na kuchota, unaushindilia bila kujua, unapata gramu 140 hata 150. Ukiujaza kwa kijiko kidogo kidogo kisha ukasawazisha kwa mgongo wa kisu, unapata kama 120 au 125. Kikombe ni kilekile! Resipi ya vikombe vitano ikipimwa kwa kuzamisha, umeongeza karibu kikombe kizima cha unga. Halafu unashangaa keki imepasuka juu.

Sukari nyeupe ni tulivu zaidi, kama gramu 200 kwa kikombe. Ya unga laini kabisa, ile ya kupambia, ni kama 120. Kakao haifiki 100. Kwa hiyo mtu akikwambia "kikombe ni gramu 250", muulize cha nini.

Na kikombe chenyewe cha nani? Cha Marekani ni mililita 237 hivi, cha Australia 250, cha Japani 200. Kijiko kikubwa kwa wengi ni mililita 15, Australia ni 20. Aunsi ndiyo imewaponza wengi: ya uzito ni gramu 28 na kidogo, lakini kuna ya ujazo pia. Kikombe chenye alama ya aunsi 8 ukikijaza unga, huna aunsi 8 za uzito. Una zaidi kidogo ya 4.

Jamani, nunueni mizani. Nasema tena, nunueni mizani. Msitegemee majedwali ya kuokota, maana aliyeandika hakuambii alijazaje. Chukua kikombe chako, kijaze kwa namna unayojaza siku zote, pima, mwaga, rudia mara kadhaa, tafuta wastani, andika kwenye karatasi ubandike kabatini. Fanya hivyo kwa unga, sukari, kakao, mchele. Mtu anayeuza anachopika na bado anakisia kwa macho anamchezea mteja, na hapo sina simile.

Mahali pekee ninapoiweka mizani pembeni ni kwenye vitu vinavyowekwa kidogo sana. Mizani nyingi za jikoni husoma gramu moja moja, hivyo nusu kijiko cha chai cha beking pauda, ambacho ni kama gramu mbili, huzichanganya. Hapo tumia kijiko cha kupimia, ukisawazishe. Chumvi nayo iangalie: kijiko cha chai cha chumvi laini ni kama gramu 6, ila ya mabonge mapana inaweza kuwa nusu ya hapo.

Kwa msomaji wangu: kama resipi ni ya Marekani anza na 240, kama ni ya Australia ongeza kidogo, maana kikombe chao ni kikubwa zaidi, na unga uchekeche baada ya kuupima.