Kuotesha saladi za mchanganyiko Mombasa: mbegu hazikufa, joto limezilaza

Mwenzetu wa Bamburi ameeleza kwamba alinunua pakiti ya mbegu za saladi za mchanganyiko, akazimwaga katika boksi la udongo mwezi Februari, akanyunyizia maji asubuhi na jioni kwa wiki 3, na pakiti nzima ikamtolea miche 7, yote ya aina moja yenye majani ya kijani. Mwezi Machi alirudia kwa pakiti nyingine, na haukuchomoza hata mmoja. Sasa anauliza kama aliuziwa mbegu bandia, au kama saladi ni zao la Limuru kwenye baridi na sisi wa pwani tujikalie na mchicha wetu. Mimi huotesha saladi uani kwangu Likoni, katika maboksi na ndoo zilizopasuka, na huu ni mwaka wa 6. Miaka 2 ya mwanzo nilipata hasara hiyo hiyo, na nikafika hadi kwenda dukani kumgombeza muuzaji ambaye, nilivyokuja kufahamu baadaye, hakuwa na kosa lolote.

Kwa maelezo aliyotoa, siamini kwamba mbegu zilikuwa bandia. Mbegu ya saladi ina tabia ambayo mchicha hauna: ikilowa maji ilhali udongo una joto, hujifunga ikalala. Huota vizuri zaidi katika nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi. Joto likipita 27 au 28 aina nyingi huanza kusita, na likivuka 30 nyingi hazioti kabisa. Februari na Machi, kaskazi inapokaribia kwisha, joto la mchana hapa Mombasa hufika nyuzi 32 au 33, na udongo ulio ndani ya boksi lililoanikwa juani hupita hapo. Aina za saladi nazo hazilingani kwa uvumilivu, na ndiyo sababu pakiti yenye aina 5 ilimtolea mwenzetu aina moja: ile iliyostahimili ndiyo iliyoota, nyingine zikabaki kama changarawe. Kibaya zaidi ni kwamba mbegu iliyokaa siku nyingi katika unyevu na joto huweza kuingia usingizi wa pili, ambao hauishi upesi hata ukiihamishia penye ubaridi. Kwa hiyo kule kuendelea kumwagilia kwa wiki 3 kulikuwa ni kuzibembeleza zizidi kulala.

Kuna na suala la mwanga, ambalo wengi hulipuuza kwa sababu tumezoea kufukia kunde na mahindi. Aina nyingi za saladi huhitaji mwanga ili ziote. Jambo hili si la kubahatisha: mwaka 1952, watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani waliokuwa Beltsville, Maryland, walizitumia mbegu za saladi iitwayo Grand Rapids kuonyesha kwamba mwanga mwekundu huziamsha na mwanga mwekundu wa mbali, ule ambao jicho karibu halioni, huzirudisha usingizini, na mwanga ulioziangukia mwisho ndio unaoamua. Kwetu sisi wenye maboksi uani, maana yake ni fupi: usizifukie. Zitandaze juu ya udongo uliolowa, zikandamize kidogo kwa kiganja, kisha uzipepetee vumbi la mboji jembamba kiasi cha kuzifanya zisionekane vizuri, basi.

Njia inayonifaa mimi, hata mwezi Februari, ni kuzianzishia mbegu ndani ya friji, kwa kuwa usingizi wa joto huishika mbegu kabla haijatoa mzizi. Mzizi ukishachomoza, joto haliwezi tena kuirudisha ndani. Huchukua kipande cha kanga kuukuu, nikakilowesha na kukikamua, nikakitandika ndani ya kibakuli cha plastiki chenye mfuniko unaopitisha mwanga. Juu yake hupanga mbegu bila kuzirundika, nikaziacha kwa muda wa karibu saa moja ndani ya nyumba penye mwanga lakini si juani, halafu nikakitia kibakuli katika droo ya mboga chini ya friji, ambako baridi si kali. Kila siku nakifungua kidogo zipate hewa. Kuanzia siku ya 4 huanza kuonekana kijino cheupe kwenye ncha ya mbegu, kidogo mno hata mke wangu mara ya kwanza alidhani ni ukungu akataka kuvitupa vyote. Hapo ndipo pa kuharakisha, maana kijino kikirefuka hukatika. Hungoja jua lishuke, nikaziokota moja moja kwa ncha ya kijiti cha meno kilicholoweshwa, na kuzilaza katika trei iliyokwisha kumwagiliwa. Kabla ya kufanya pakiti nzima, hesabu mbegu 20 uzijaribu kwa namna hii; zikiota 15 au zaidi, muuzaji wako hana hatia, na zikiota 2 au 3, basi pengine ni mbegu iliyozeeka dukani, kwani unyevu wa pwani huziua mbegu haraka. Zinazobaki nazitia katika chupa iliyofungwa barabara, nazo hukaa friji.

Wezi nao wapo. Mwaka wa 2 nilikuwa na hakika kwamba nimelimaliza tatizo la joto, lakini trei ilibaki tupu. Asubuhi moja nilichuchumaa pale ukutani nikaona mstari wa sisimizi unapanda, kila mmoja amebeba mbegu nyeusi au nyeupe kama mchukuzi na gunia lake, zote zikiingia katika ufa chini ya dirisha la jikoni. Tangu siku hiyo trei zangu hukaa juu ya meza ambayo kila mguu umesimama katika kopo la maji, na maji hayo huyabadilisha mara kwa mara yasizalishe mbu. Juu huweka wavu, kwa sababu kunguru wa mji huu hung'oa miche kwa mchezo tu, hawaili.

Udongo sina mengi ya kusema. Mchanga wetu ulio juu ya matumbawe haushiki maji, hivyo huchanganya nusu unga wa makumbi na nusu mboji iliyochekechwa. Makumbi huyaosha kwa maji matamu mara 2 kwanza, kwa kuwa mara nyingi yana chumvi. Chumvi ndiyo pia iliyonifanya niache kumwagilia kwa maji ya kisima. Kisima chetu kina maji ya kufulia, si ya saladi: majani yaliungua kingo, yakawa ya kahawia kana kwamba yamepitishwa motoni. Hutumia maji ya mvua, au yale ya madumu tunayonunua kwa wenye mikokoteni, na ya kuoshea mchele pia hayamwagwi. Mizizi ya saladi haiendi chini sana, kwa hiyo ni bora maji kidogo mara 2 kwa siku kuliko mengi mara moja.

Kuhusu mchanganyiko wenyewe nina maoni ambayo wengine huenda wasiyapende: usiziatike zikiwa zimechanganyika. Saladi yenye majani ya kijani yaliyolegea hukimbia kukua, na kabla hujageuka imeshaifunika Lollo Rosso, ile nyekundu yenye kingo za kujikunja, ambayo ikikosa mwanga hubaki na rangi hafifu isiyopendeza. Nunua pakiti 3 za aina tofauti, kila aina ipe mstari wake, na mchanganyiko uufanye kwenye sahani. Ikiwa pakiti uliyonayo ni ya mchanganyiko tayari, usihangaike kutenganisha mbegu nyeusi na nyeupe kama nilivyofanya mimi usiku mzima, kwani rangi ya mbegu haikuambii rangi ya jani. Ziatike pamoja, miche ikitoa majani 3 au 4 ya kweli uipandikize kwa kuipanga kwa aina, sentimita 15 hadi 20 kati ya mche na mche. Great Lakes, ile inayofunga kama kabichi, kwangu haijawahi kufunga vizuri. Naivuna majani machanga sitarajii kichwa.

Msimu unaofaa hasa ni wa kusi. Mimi huanza mwishoni mwa Juni, mvua kubwa za masika zikishapungua, kwa kuwa mvua ya Mei husomba mbegu na kuifunika miche kwa matope. Julai na Agosti joto la mchana huwa nyuzi 27 au 28 na usiku hushuka hadi karibu 20. Miezi hiyo hata kibakuli cha friji si lazima, inatosha kuatika jioni na kuiweka trei kivulini. Kila baada ya wiki 2 huatika kiasi kidogo, kiganja kimoja cha eneo, badala ya kumaliza pakiti siku moja. Jua la asubuhi hadi saa nne linatosha. Baada ya hapo maboksi yangu huwa chini ya makuti niliyoyatandaza kwa nafasi, yapitishe mwanga wa vipande vipande.

Baada ya siku 30 hivi tangu kuatika, majani machanga huwa tayari. Nakata asubuhi na mapema, jani likiwa limejaa maji, kwa mkasi, nikiacha kama sentimita 3 juu ya udongo bila kugusa moyo wa mche, na kwa kawaida hurudi kuchipua mara 2, wakati mwingine 3. Joto likizidi utaona shina linarefuka katikati na majani yanakuwa membamba yenye ncha. Likate shina hilo: litatoka utomvu mweupe kama maziwa, na jani litakuwa chungu. Hapo hakuna dawa. Mimi hung'oa nikampelekea jirani mwenye sungura, na boksi naligeuza udongo siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo, mwenzetu, usilitupe lile boksi la Machi kwa hasira. Lisogeze kivulini, uache kulimwagilia mpaka mwisho wa Juni, kisha ulichokonoe juu juu na kulilowesha tena. Mwaka wangu wa 3 nilifanya hivyo bila kutarajia kitu, nikapata miche 11 ambayo nilikuwa nimekwisha kuisahau, 4 kati yake ikiwa myekundu.