Bunduki ya Kuwindia ya Maisha: Fedha Zielekezwe Wapi?

Swali: Kwa muda mrefu nimewinda kwa bunduki ya kurithi ambayo mtutu wake sasa umechakaa. Nimeweka akiba ya kutosha kununua bunduki moja ya hali ya juu ambayo sitaibadilisha tena. Natumia bega la kushoto. Ninaowinda kwa kibali ni wanyama wa ukubwa wa kati, na mara mojamoja wakubwa, na mara nyingi napiga ndani ya mita 200. Muuzaji ananishauri nichukue bunduki ya kaliba ya .300 Winchester Magnum yenye mbao ya daraja la juu na nakshi nyingi, lakini mwindaji mwenzangu anasema kwamba bunduki ya maisha ni ya mitutu miwili tu. Niamue vipi?

Jibu: Ndugu msomaji, nashukuru kwa kueleza waziwazi jinsi unavyowinda, kwa maana bila maelezo hayo jibu lolote lingekuwa la kubahatisha. Katika bunduki zinazoletwa karakanani kwangu, mtutu huchakaa, springi hulegea, mbao hupata nyufa na darubini hupitwa na wakati, na vyote hivyo fundi anaweza kuvibadilisha. Kinachobaki ni kiwiliwili cha bunduki, yaani ile sehemu ya chuma inayobeba bolti (kile chuma unachokivuta na kukisukuma kwa mkono ili kuingiza risasi na kutoa ganda) na ambayo mtutu hufungwa mbele yake kwa hesi. Hicho ndicho hasa unachokinunua unapotafuta bunduki ya maisha, na ndicho kinachostahili kutengewa fedha kabla ya mbao na nakshi.

Mfano ambao mafundi bado wanaupimia mingine ni ule ambao mbunifu wa bunduki Mjerumani, Paul Mauser, aliukamilisha mwaka 1898. Bolti yake ina meno mawili ya mbele yanayojifunga ndani ya kiwiliwili, na la tatu nyuma ambalo hubeba mzigo iwapo yale ya mbele yatashindwa. Ina matundu ya kutolea gesi, ili fataki (kile kidude cha nyuma ya risasi kinachowasha baruti) ikitoboka gesi ya moto ielekezwe mbali na uso wa mpigaji. Tena ina ukucha mrefu na mpana ambao hulikamata ganda mara tu risasi inapotoka kwenye magazini, na ukucha huu ndio ninaousisitiza zaidi. Kwa kuwa risasi huwa imeshikwa tangu hapo mpaka ganda linapotupwa nje, mwindaji aliyeshikwa na haraka akasitisha bolti katikati ya safari yake hawezi kuisukuma risasi ya pili nyuma ya ile aliyoiacha ndani ya chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi), na ganda lililonata kwa sababu ya joto au vumbi huchomolewa kwa nguvu ya kutosha. Bunduki ya Winchester Model 70 ilipotoka mwaka 1936 ilikuwa na ukucha wa namna hiyo. Kampuni iliuondoa mwaka 1964 ili kupunguza gharama za utengenezaji, wawindaji wakaanza kuzitafuta zile za zamani na kuzilipia zaidi, na katika miaka ya 1990 ukucha ukarejeshwa.

Bolti za kisasa zenye ukucha mdogo uliozama kwenye uso wa bolti si mbovu. Nyingi hulenga vizuri sana na hudumu. Hata hivyo, kwa mtu atakayekuwa na bunduki moja tu, na ambaye siku fulani atasimama karibu na mnyama mkubwa aliyejeruhiwa, ningechagua ukucha mrefu bila kusita.

Usikubali kuuziwa bunduki ya mkono wa kulia kwa hoja kwamba utaizoea. Mpigaji wa bega la kushoto akitumia bolti ya kulia hulazimika kuachia mshiko wake na kuvusha mkono juu ya bunduki kila anapotaka risasi nyingine, na tundu la kutolea maganda linakuwa upande wa uso wake, jambo ambalo halina madhara mpaka siku ganda litakapopasuka. Viwanda kadhaa vikubwa hutengeneza bolti za kushoto, ingawa kwa modeli chache, na huenda ukasubiri muda mrefu. Utaambiwa kwamba bunduki ya kushoto ni vigumu kuiuza tena, lakini wewe umesema huna nia ya kuuza.

Kuhusu kaliba, yaani kipimo na aina ya risasi, tuangalie namba. .30-06, iliyoanza mwaka 1906, hurusha kichwa cha risasi chenye uzito wa gramu 11.7 kwa kasi ya takriban mita 820 kwa sekunde, sawa na nishati ya karibu jouli 3,900 mdomoni mwa mtutu. .300 Winchester Magnum, ya mwaka 1963, hurusha kichwa hicho hicho kwa karibu mita 900 kwa sekunde, yaani jouli 4,700 hivi. Faida hiyo huonekana kwa mnyama aliye mbali sana kuliko mita zako 200. Gharama yake, kwa upande mwingine, utailipa kila unapofyatua: katika bunduki zenye uzito sawa, teke (ule msukumo wa kurudi nyuma begani) la .300 huzidi lile la .30-06 kwa kati ya robo na theluthi, na mpigaji anayeliogopa teke huanza kufumba macho na kuivuta bunduki pembeni kabla risasi haijatoka. Nimewaona wapigaji hodari wakiharibika kwa namna hii bila wenyewe kutambua chanzo. Aidha, baruti nyingi inayowaka katika mtutu mwembamba hula haraka chuma cha mbele ya chemba. Mtutu wa .300 huanza kupoteza usahihi baada ya risasi elfu 2 hivi, wakati kaliba tulivu kama .308 Winchester inaweza kuvuka elfu 5, mradi mtutu haupigwi mfululizo mpaka ukawa wa moto.

Kwa matumizi uliyoyataja, kaliba ninazozipendekeza ni mbili. Ikiwa wanyama wa ukubwa wa kati ndio wengi, chukua .30-06. Ikiwa wakubwa wanakaribia kuwa nusu ya uwindaji wako, chukua 9.3×62, ambayo Otto Bock aliibuni mwaka 1905 ili iingie katika kiwiliwili cha kawaida cha Mauser. Kichwa chake cha gramu 18.5 hutoka kwa takriban mita 720 kwa sekunde, hupenya sana, na hulisukuma bega polepole kuliko unavyotarajia. .375 H&H Magnum ya mwaka 1912 ni kaliba ninayoiheshimu mno, na zipo nchi ambako sheria hairuhusu kuwawinda wanyama hatari kwa chochote kilicho chini yake, lakini inahitaji kiwiliwili kirefu zaidi na bunduki nzito zaidi. Kabla ya kulipa chochote, soma masharti ya kibali chako. Kaliba hizi tatu zimevuka miaka 100 na bado viwanda vingi vinazitengenezea risasi. Kaliba mpya iliyotangazwa msimu uliopita haina ushahidi kama huo, na bunduki isiyopata risasi haina kazi hata ikiwa nzima kabisa.

Sasa nije kwa mwenzako. Bunduki ya mitutu miwili ni kazi ya ustadi wa hali ya juu, na kwa mnyama hatari aliye karibu hakuna kinachotoa risasi ya pili kwa haraka kama hiyo. Lakini fundi huiunganisha mitutu yake kwa kupiga, kupima na kurekebisha, mpaka risasi za mitutu yote miwili zitue karibu karibu katika umbali aliouchagua, mara nyingi kati ya mita 50 na 100, kwa risasi ya uzito mmoja na kasi moja. Ukibadilisha aina ya risasi, mitutu inaweza kuanza kutawanya, na kuirekebisha upya ni kazi ghali ambayo wachache wanaiweza. Kwa mwindaji anayefika mita 200, huo ni ufungwa usio wa lazima. Bunduki za kubadilisha mitutu, kama Blaser R8 iliyotoka mwaka 2008, ni nzuri kwa anayehitaji kaliba kadhaa. Wewe unahitaji moja, na ukizichagua utakuwa umejifunga kwa vipuri vya kiwanda kimoja.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulipuuza ni vipimo vya mwili. Simama wima, fumba macho, inua bunduki begani kama unavyofanya porini, kisha fumbua macho. Jicho linapaswa kukuta taswira kamili ya darubini bila wewe kusogeza shingo. Ukiona kivuli cheusi pembeni, kitako hakikufai. Urefu kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako huwa kati ya sentimita 34 na 36 kwa watu wengi, lakini mikono yako ndiyo itakayoamua, pamoja na unene wa nguo unazovaa unapowinda. Kwa kuwa unatumia bega la kushoto, kitako kipindwe kidogo kuelekea kushoto, na uvimbe wa kuegemeza shavu uwe upande wa kulia. Bunduki iliyokaa sawasawa mwilini hupunguza hata makali ya teke, kwa sababu nguvu yake hutua begani badala ya kugonga shavu.

Mbao ya mjozi iliyokaushwa kwa miaka inafaa sana, lakini usiichague kwa kutazama mapambo yake. Tazama shingo ya kitako, pale kiganja kinaposhika: nyuzi za mbao zipite hapo kwa unyoofu kutoka mbele kwenda nyuma, kwa sababu hapo ndipo teke hupasua. Michirizi ya kupendeza ibaki nyuma, kwenye tako. Omba mbao ipakwe mafuta badala ya vanishi ngumu, kwani mkwaruzo kwenye mafuta hurekebishwa kwa mkono. Ukiwinda zaidi penye mvua, kitako cha sintetiki kisichovimba kitakuhudumia vizuri zaidi. Nakshi nazipenda na siwalaumu wanaozitaka, lakini zinaweza kuchongwa hata baada ya miaka 10, fedha zikipatikana.

Kifyatulio kiwe chepesi kueleweka, kinachovutwa kwa nguvu ya kilo 1.2 hadi 1.6, bila kuteleza kabla ya kufyatua wala kukwaruza. Vishikizo vya darubini viwe vya chuma imara, na vilengeo vya chuma viwepo juu ya mtutu kwa siku ambayo darubini itagongwa.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akutolee bunduki kwenye kitako ili uone chuma kilichofichwa chini ya mbao. Hapo ndipo kutu huanzia, hasa katika bunduki iliyowahi kutumika. Tafuta alama za nyumba ya majaribio, kwa mfano ya London, Birmingham, Liège au Ulm, zinazothibitisha kwamba bunduki ilipigwa kwa shinikizo kubwa kuliko la kawaida na ikastahimili. Jaza magazini kwa risasi bandia, kisha pitisha bolti polepole, halafu haraka, halafu bunduki ikiwa imelala ubavu. Risasi moja ikikwama mbele yako dukani, usipokee ahadi kwamba itaachia yenyewe kwa kutumiwa, irekebishwe kwanza.

Siku hiyohiyo ya kununua, agiza pini ya kupigia, springi zake na ukucha wa akiba kutoka kiwanda kilekile, kwa kuwa viwanda hubadilisha modeli na vipuri huadimika. Muulize muuzaji pia akupe vipimo vya chemba kwa maandishi, ili fundi atakayekubadilishia mtutu baadaye ajue aanzie wapi. Nyumbani, bunduki ikiwa tupu ndani ya kabati lililofungwa, isimamishe mdomo ukitazama chini, ili mafuta ya kulainishia yasiteremke na kuilainisha mbao nyuma ya kiwiliwili.