Tunabadilika, ila si mmoja mmoja

Swali lenu la wiki hii linauliza kwa nini mpiga kura haachi msimamo wake hata akiwekewa ushahidi mezani. Sisi tuliokulia Pemba tumewaona watu wakihama chama kwa usiku mmoja, kwa hiyo mimi ningeuliza wanahama na nani.

Machi 18, 2019, Mahakama Kuu ilipomtambua Profesa Lipumba kuwa mwenyekiti halali wa CUF, kilichokuwa chama chetu cha upinzani, hasimu wake chamani, Maalim Seif, katibu mkuu tuliyemfuata, alitangaza kushusha tanga na kupandisha jingine, yaani kuhamia ACT-Wazalendo. Kijijini kwetu, upande wa Wete, baraza la chama lilianza kupakwa zambarau, rangi ya ACT, mara moja. Ami yangu, ambaye kwa miaka mingi hakununua hata ndimu kwenye duka la mtu wa CCM, chama tawala, alishika brashi mwenyewe. Mkono wa kwanza haukufunika, herufi za zamani zikawa bado zinasomeka kwa chini, naye akamkaripia kijana aliyezidisha maji kwenye kopo, akasubiri ukuta ukauke, akapaka tena. Nikamuuliza, "Ami, si juzi tu ulikuwa unakiapia chama hiki?" Akanijibu bila kugeuka, "Shika ngazi, mwanangu."

Mwepesi wa kuhukumu atauita huo ufuasi wa kibubusa, na mimi sijaacha kabisa kuuita hivyo. Hata hivyo, mzee yule alikuwa ameufuatilia mgogoro wa CUF redioni tangu 2016, kesi kwa kesi, na hoja za kuondoka alikuwa nazo zamani. Alichokosa ni wenzake wa kuondoka nao. Ndivyo ilivyokuwa pia Julai 31, 2010, miezi michache baada ya Rais Amani Karume wa Zanzibar, mtu wa CCM, na Maalim Seif kupatana, pale asilimia 66.4 ya wapiga kura wa Zanzibar walipoikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani mahasimu kutawala pamoja, wakiwamo watu waliokuwa hawazikani. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa na kurudiwa Machi 2016, kususiana kukarudi palepale.

Kwa hiyo nasema ushahidi hufanya kazi, tena sana, ila hukaa kimya mpaka kuufuata kusimgharimu mtu majirani zake. Siwasemei wa bara, wala vijana wa Unguja mjini, ambao pengine jirani wa mlango wa pili hawamjui hata jina.