Wadogo zangu wa shule za kata, msikae kimya: programu za likizo na sehemu za kujitolea Arusha na Moshi

Mambo vipi wadogo zangu, hii ni ya nyie mliopo form three na form four kwenye shule zetu za serikali, hasa za kata, kuanzia Ngaramtoni mpaka Usa River na huko Moshi. Mimi nipo sehemu inayopima maji hapa Arusha, huwa tunapokea vijana wachache wa likizo na wale waliomaliza form four wanasubiri kwenda five, kwa hiyo barua zenu zinapita mezani kwangu na naona anayeingia anaingiaje na anayeachwa anaachwaje. Wengi hawakwami kwenye akili hata kidogo, wanakwama kwa sababu ya ukimya.

Tuanze na muda. NECTA ya form four ni Novemba, five wanaripoti Julai, hapo katikati ni zaidi ya nusu mwaka na wengi wenu inaishia pre-form five na kushinda kwenye simu. Sina ugomvi na pre-form five, PCB (fizikia, kemia na baiolojia) inatisha kweli, ila siyo ya kukaa miezi yote hiyo. Sasa mtu anakumbuka kutafuta nafasi Januari matokeo yakishatoka, anarudi shuleni anakuta walimu wamezidiwa na form one wapya, nani ana muda wa kukuandikia barua? Omba Septemba au Oktoba ukiwa bado na sare yako na mwalimu anakuona kila siku.

Na hiyo barua jamani. Zinakuja barua kibao zote zinasema "ni mwanafunzi mtiifu, mwenye nidhamu na bidii", ukibadilisha jina tu inakuwa ya mwingine. Mwalimu siyo mchoyo, ana darasa limejaa mpaka mlangoni, hawezi kukumbuka ulichofanya. Mpelekee nusu karatasi umeandika mambo matatu manne: uliongoza klabu gani, ulitengeneza nini, somo gani ulikuwa unawafundisha wenzio jioni. Kama shule yenu ilipeleka kazi Young Scientists Tanzania (ipo tangu 2011, wanafunzi wanafanya utafiti wao chini ya mwalimu) na ulikuwemo, iandike hata kama hamkushinda chochote. Mimi nikiona mtoto amehangaika na swali lake mwenyewe namweka juu ya mwenye A zake ambaye sijui alifanya nini.

Kuhusu pa kuomba, msisubiri tangazo. Tengeru kuna chuo cha sayansi cha Nelson Mandela na TARI ya utafiti wa kilimo, Ngaramtoni kuna TPHPA ya viuatilifu na afya ya mimea (zamani ikiitwa TPRI), mjini kuna chuo cha Arusha Technical, Moshi kuna hospitali ya KCMC na chuo cha ushirika. Sisemi hizo sehemu zina programu ya vijana wa sekondari, taasisi nyingi hazina kabisa, unachofanya ni kuandika barua ya kuomba kujitolea wiki chache, unataja idara unayoitaka na kwa nini, unaambatanisha barua ya shule na ya mzazi maana wengi mko chini ya miaka 18, unaipeleka kwa mkono masijala, wiki inayofuata unarudi kuulizia. Kurudi kuulizia siyo usumbufu, ndo kazi yenyewe.

Za nje nazo zipo ila kuweni macho. Yale Young African Scholars ni ya wanafunzi wa sekondari wa Afrika, haina ada ya kuomba wala ada ya programu, hiyo jaribuni. MITES, programu ya chuo cha MIT cha Marekani, ni nzuri sana lakini ni ya wanafunzi wa kule kule Marekani, msipoteze bando. Afu kuna zile za vyuo vyenye majina makubwa unaambiwa "umechaguliwa" halafu inakuja bili ya maelfu ya dola, hapo umechaguliwa kulipa tu. Na yeyote anayekuambia utume hela ya usajili kwa namba ya simu ya mtu, mpotezee. Cheti cha kuzaliwa kiwe tayari mapema, ila pasipoti ni 150,000, usimkamue mama hela hiyo kabla hujapata jibu.

Sasa umeingia. Hapa ndo ukimya unapowamaliza, na najua chanzo, primary tulisoma Kiswahili na kule maabara kila kitu Kiingereza, mtu anaogopa kuuliza asichekwe. Uliza kwa Kiswahili! Kuna binti alikuja kwetu kutoka shule ya kata upande wa Meru, tunapima floraidi, si mnajua maji ya huku yanavyotupaka meno rangi ya kahawia, akauliza mbona sampuli hizi zote mnaweka kwenye chupa za plastiki na za kioo zipo zimejaa kabatini. Swali zuri hilo, floraidi inashambulia kioo kwa hiyo namba yako inaweza kuharibika kabla hujapima. Wenzake walikuwa wameshika hizo chupa siku nzima. Kesho yake fundi mwenyewe akamwita akae kwenye mashine.

Daftari nalo. Mtu anaandika "2.8" basi. 2.8 nini? Andika miligramu kwa lita, kisima gani, tarehe, saa, nani alichota. Kiwango cha juu cha floraidi cha WHO (Shirika la Afya Duniani) ni 1.5, kwa hiyo hiyo 2.8 ni habari kubwa kwa watu wa kijiji fulani, ila bila jina la kisima ni takataka.

Nyumbani watakuuliza unalipwa shilingi ngapi. Mara nyingi hakuna, ukibahatika wanakupa nauli. Ongea na wazazi mapema, mkubaliane labda siku tatu maabara na siku zilizobaki unasaidia shamba au dukani, kuliko kuanza halafu unapotea bila taarifa. Supavaiza akiona umepotea mara moja hata yule atakayetoka shule yenu mwakani atamwangalia kwa jicho lingine.

Na kabla hujamaliza, omba barua ya kuthibitisha ulikuwepo, yenye tarehe, ulichofanya na mhuri, uombe wiki moja kabla maana anayesaini anaweza kuwa fildi huko Manyara na mhuri kaufungia kwenye droo yake.