"Ipachikwe" au "imepachikwa"?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kompyuta, Sinza, Dar es Salaam. Wanafunzi wangu husema "kumaunti diski", kutoka Kiingereza mount. Kwenye maelezo ya somo nimeandika "kupandisha", na mafaili mawili ya mfumo endeshi wa Linux, fstab na mtab, yote nimeyaeleza kuwa ni "orodha ya mifumo ya mafaili iliyopandishwa". Mwenzangu anasema nimekosea mara mbili. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli, mwalimu, na kosa la pili ndilo kubwa.

La kwanza nalimaliza haraka. Kupandisha tuwaachie wenye bei na bendera. Katika mifumo endeshi ya jamii ya Unix, iliyoanzia kwenye maabara ya Bell Labs, Marekani, mwaka 1969, na ambamo Linux nayo imo, kinachofanyika ni kuchukua mti mzima wa mafaili na kuushikiza kwenye folda ya mti mwingine, ukakaa pale kama tawi lake. Mpini tunaupachika kwenye jembe. Na mti huo, yaani mfumo wa mafaili, tuupachike. Kinyume chake kipo tayari: bandika, bandua, funika, funua, anika, anua, pachika, pachua.

Tena tusichanganye kupachika na kuchomeka. Juzi nilikuwa kwa fundi Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nikanyoosha mkono kuchukua flashi yangu. Akanizuia: "Ngoja kaka, usichomoe, sijaianmaunti!" Alikuwa na haki, kwa sababu data nyingine huwa bado iko kwenye memori, haijafika kwenye flashi. Lakini sikilizeni sentensi yake: kuchomoa kakutamka vizuri kabisa, halafu akaenda kuazima neno ambalo bibi yake analo. "Usichomoe, sijaipachua."

Sasa la pili. Tofauti ya mafaili yako mawili imo ndani ya kitenzi. Faili la /etc/fstab huandikwa na msimamizi wa mashine, na linaeleza anachotaka: diski hii ipachikwe kwenye folda ile, kompyuta inapowaka. Hiyo ni dhamira tegemezi, ile -e ya mwishoni. Diski yenyewe inaweza kuwa kabatini, na mstari wake bado umo. Faili la /etc/mtab linasema imepachikwa, kwa -me-: jambo limetendeka na hali yake ingalipo.

Hapo zamani -me- hiyo iliweza kudanganya. Amri ya mount ilipofanya kazi iliongeza mstari kwenye mtab, na umount iliufuta. Umeme ukikatika ghafla, hakuna aliyefuta; faili likabaki linasema "imepachikwa" wakati ukweli ulikuwa "ilikuwa imepachikwa". Siku hizi, kwenye Linux nyingi, /etc/mtab ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye faili la /proc/self/mounts, na hilo halikai kwenye diski hata kidogo. Kila unapolisoma, kiini cha mfumo (kernel) hulitunga papo hapo kutokana na jedwali lake lililo kwenye memori. Ni sawa na kumuuliza mwenye nyumba badala ya kusoma karatasi iliyobandikwa mlangoni mwaka jana.

Basi rekebisha hivi: "fstab ni orodha ya mifumo ya mafaili inayotakiwa ipachikwe, mtab ni orodha ya mifumo iliyopachikwa sasa hivi." Na umount, ambayo huandikwa bila n ya mwanzo na huwasumbua wengi, waiandike hivyohivyo kwenye kibodi, ila kwa mdomo waseme kupachua.