Maswali na majibu: Hali ya hewa imevuruga mazoezi, sasa nifanyeje?

Barua za safari hii karibu zote zinalalamikia anga: mvua, joto, radi, mbio zilizofutwa dakika za mwisho. Nimetanguliza zile ambazo jibu lake linaweza kumwepusha mtu na jeraha, au na kifo.

Mvua ya wiki mbili imenikosesha mbio zangu ndefu mbili. Nusu marathoni iko wiki nne mbele. Nikikimbia mbio ndefu mara mbili kwa wiki, nitafidia?

Hapana. Swali hili linaletwa kila msimu, kinachobadilika ni idadi ya kilomita tu. Mazoezi uliyoyakosa si deni, hakuna anayekudai. Mtu aliyejijenga kwa miezi hapotezi pumzi yake kwa siku kumi za kukaa ndani. Kinachopungua mapema ni ujazo wa majimaji ya damu, ndiyo maana siku ya kwanza ya kurudi moyo unadunda kwa nguvu na unajiona kama umeanza upya. Ujazo huo hurejea ndani ya siku chache za mazoezi.

Mifupa na kano haziendi kwa haraka hiyo. Mapafu yanaweza kukuruhusu ukimbie kilomita 18 Jumatano na nyingine 18 Jumamosi, lakini mfupa wa muundi haujaruhusu, na utakuja kulitambua hilo ukiwa tayari unachechemea. Wakimbiaji wa ridhaa wengi ninaowaona wameumia hawakuumizwa na mvua. Waliumia katika wiki iliyofuata, wakifidia. Anza pale ulipoishia, au hatua moja nyuma yake, kisha endelea na ratiba kana kwamba zile wiki mbili hazikuwamo. Siku kumi za mwisho kabla ya mbio ni za kupunguza, usizijaze.

Na unapopanga tena, weka siku za akiba. Ratiba ya wiki kumi na mbili isiyo na hata siku moja ya ziada ilikuwa na kasoro kabla wingu la kwanza halijatanda.

Je, ni vibaya kukimbia kwenye mvua?

Mvua peke yake haina ubaya. Ogopa radi, mafuriko na dereva asiyekuona.

Timu yetu huendelea na mechi radi ikiwa bado mbali, tunatoka uwanjani mvua ikifika. Kuna ubaya?

Upo, na naomba barua hii uisome mbele ya wenzako wote. Umeme wa radi unaweza kupiga zaidi ya kilomita 15 kutoka mahali mvua inaponyesha, chini ya anga linaloonekana jeupe. Mvua haikupi kipimo chochote. Kipimo ni ngurumo: ukiisikia, tayari uko ndani ya eneo la hatari. Sauti huchukua takriban sekunde 3 kusafiri kilomita moja, kwa hiyo sekunde 30 kati ya mwanga na ngurumo ni kilomita 10 tu. Mchezo usimame, watu waingie kwenye jengo la kweli au gari lenye paa la chuma na vioo vilivyofungwa. Mti, hema na kibanda cha wachezaji wa akiba si kinga. Hesabu dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na ikisikika nyingine, anza kuhesabu upya.

Mtu akipigwa na radi, mwili wake haubaki na umeme. Mshike, angalia kama anapumua, na kama hapumui anza kumkandamiza kifua huku mwenzako akiita msaada. Kuna watu wamekufa kwa sababu waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa.

Ni programu gani ya simu itaniambia kwa uhakika hali ya hewa ya siku ya mbio, wiki tatu kutoka sasa?

Hakuna. Nimeshalijibu hili zaidi ya mara moja. Utabiri wa siku tatu unaaminika, wa siku saba ni wa kuangalia kwa tahadhari, wa wiki tatu usiununulie hata soksi.

Nilisafiri, nikalala hotelini, asubuhi mbio zikafutwa kwa sababu ya dhoruba. Waandaaji wanakataa kurudisha ada. Huu si wizi?

Uchungu wako naujua, lakini tenganisha mambo mawili. La kwanza ni uamuzi wa kufuta, na hapo niko upande wa waandaaji. Tarehe 22 Mei 2021, katika mbio za milimani za kilomita 100 mkoani Gansu, China, baridi, upepo na mvua ya mawe viliwakuta washiriki 172 wakiwa njiani. Watu 21 walikufa, wakiwamo wakimbiaji wenye majina makubwa. Koti la kuzuia upepo halikuwa hata sharti la kushiriki. Ukishajua hayo, medali uliyoikosa utaiona kwa jicho jingine.

La pili ni namna na wakati wa kufuta, na hapo una haki ya kukasirika. New York mwaka 2012, kimbunga Sandy kilipiga Oktoba 29. Marathoni ilikuwa Novemba 4, na wahusika waliendelea kusema itafanyika hadi Novemba 2 ilipofutwa, maelfu ya wageni wakiwa wamekwisha kuwasili. Baadhi yao walikwenda Staten Island, sehemu ya New York iliyoumizwa vibaya na kimbunga hicho, kubeba misaada badala ya kukimbia. Baadaye waliojisajili walipewa nafasi ya kuchagua: kurudishiwa ada au kuhifadhiwa nafasi mwaka mwingine. Huo ndio utaratibu wa kudai. Lakini masharti ya usajili husomwa kabla ya kulipa, na kama hayakutaja kuahirisha wala kufuta, pesa yako iwekeze kwingine.

Nimejiandaa kwenye baridi, siku ya marathoni inatabiriwa nyuzi 30 na unyevu mwingi. Nishikilie kasi yangu?

Iache nyumbani. Katika mashindano ya dunia ya riadha ya 2019 mjini Doha, marathoni ya wanawake ilianzishwa karibu saa sita ya usiku ili kukwepa joto, na bado kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Hao ni bora duniani. Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto, na kama hukuzipata, anza polepole tangu kilomita ya kwanza, usingoje kuishiwa.

Usikimbilie pia kujaza tumbo maji. Utafiti uliofanywa kwenye Boston Marathon ya 2002 ulikuta asilimia 13 ya wakimbiaji waliopimwa wana sodiamu, yaani chumvi ya damuni, iliyoshuka kupita kiasi, na sababu kubwa ilikuwa kunywa kupita mahitaji. Kunywa ukiwa na kiu. Ukimwona mwenzako anayumba, anaongea maneno yasiyoeleweka au anapotea njia, mtoe barabarani na umpoze papo hapo kwa maji mengi baridi mwili mzima. Kupoza kwanza, gari la wagonjwa baadaye.

Baada ya mvua kubwa naweza kuogelea mtoni kwa mazoezi ya triathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia)?

Subiri siku mbili hadi tatu. Mvua husomba maji taka. Hata kwenye Olimpiki ya Paris 2024, triathloni ya wanaume ilisogezwa siku moja kwa sababu ya uchafu wa mto Seine.

Siku ya mbio ni upepo, mvua na baridi. Mtu wa ridhaa kama mimi ana sababu gani ya kujitokeza?

Kama waandaaji wameridhika na usalama, jitokeze. Boston 2018, nyuzi chache tu juu ya sifuri, mvua na upepo wa mbele, wakimbiaji wa kulipwa walijitoa mmoja baada ya mwingine. Aliyeshinda kwa wanaume, Yuki Kawauchi, alikuwa mwajiriwa wa serikali ya mkoa huko Japani aliyefanya mazoezi nje ya saa za kazi. Wa pili kwa wanawake, Sarah Sellers, alikuwa muuguzi. Vaa nguo nyepesi isiyonyonya maji, glavu, kofia yenye ukingo, na uweke nguo kavu mwisho wa njia. Sahau saa, shindana na walio karibu yako. Ukianza kutetemeka bila kujizuia au vidole vikishindwa kufunga kamba, toka.

Viatu vimelowa, mazoezi ni kesho.

Toa soli ya ndani, jaza magazeti, yabadilishe baada ya saa mbili. Usivianike juu ya moto, gundi itaachia.