Barua kwa mwanangu: nani anachota hayo maji?

Mwanangu Baraka,

Meseji yako nimeiona, unauliza usaini huo mkataba wa utafiti wa miaka mitatu hapo Bremen, wa bakteria wa kwenye mwani, au urudi Dar uombe uhadhiri. Mambo ya mshahara na viza muulize baba yako, yeye ndo mtu wa hesabu. Mi nilikwama pale ulipoandika kwamba sampuli "zitatumwa kutoka Tanzania". Zinachotwa na nani?

Unajua ninachosema siku zote, anayeyajua maji ni aliyeyachota. Mnanicheka we na dada yako ila ndo hivo.

Ile kaskazi uliyovunjika mkono, si unakumbuka nilikuwa narudi nanuka fomalini mpaka bibi yako analalamika. Bahari ilitulia kabisa, tukatoka Kunduchi kuelekea Mbudya, tukakuta michirizi ya kahawia juu ya maji, mirefu, ungesema mtu kamwaga vumbi la mbao. Nahodha akasema mafuta ya meli hayo. Mgeni wetu, yule mtaalamu, nchi yake siitaji, akasema uchafu wa mto huo, tupite. Mi nikachota ndoo. Kituoni kwetu pa utafiti nikaweka tone chini ya darubini, Trichodesmium, bakteria wa baharini! Mafungu mafungu ya nyuzi zimelala sambamba. Hako kadudu kanachukua naitrojeni ya hewani kanaigeuza kuwa mbolea ya bahari, tena mchana kweupe huku kanatumia jua na kutoa oksijeni, wakati oksijeni huwa inaharibu kimeng'enya cha kazi hiyo na ndugu zake wengi inabidi wangoje usiku au watenge seli maalumu. Ndani kana vifuko vya gesi ndo maana kanaelea. Ehrenberg alishakaandika tangu 1830, alikaona Bahari ya Shamu, kwa hiyo sikugundua kitu jamani, lakini siku ile kwa furaha nilipanda daladala ya Mwenge wakati naenda Tegeta.

Kuanzia hapo nikawa nachota kila wiki, kusi na kaskazi, natia Lugoli, ile dawa ya iodini, mpaka maji yawe ya kahawia, naacha yatulie usiku kucha, asubuhi nahesabu kimoja kimoja na kile kidude cha kubonyeza, shingo inauma. Paper ya yule mgeni ikatoka. Majedwali yangu yote yamo, hata wiki ile ya wimbi tuliyoshindwa kutoka imo, wameacha pengo. Jina langu halimo. Mwishoni wanamshukuru "fundi wa maabara". Boti imetajwa kwa jina lake, mwanangu. Boti!

Baba yako huwa ananiambia mama Baraka, yule si ndo alilipia mafuta. Kweli alilipa. Na darubini akatuachia, kweli pia. Na kuandika ile paper ni kazi, Kiingereza kile mi nisingekiweza. Sawa. Lakini si yeye aliyesema ni uchafu wa mto?

Halafu nikikaa najibishana mwenyewe, maana kuchota tu nako hakutoshi. Watu walikuwa wanaotesha bakteria wa bahari kwenye sahani za agari, wanapata wachache, wanaridhika, kumbe walipokuja kuwapaka rangi na kuwahesabu kwa darubini ya florosensi ikaonekana mililita moja tu ina kama milioni moja. Na huyo Prochlorococcus, bakteria mwingine wa baharini aliyetangazwa na watafiti kina Chisholm 1988, hakuna kiumbe kidogo kuliko yeye kinachoishi kwa kutumia jua, labda mi nimemchota nikammwaga miaka yote hiyo bila kumwona. Kwa hiyo mashine za huko nazielewa, usije ukadhani mama yako anaabudu ndoo.

Ila mwani si jambo la mbali kwetu. Shangazi yako Paje analima, na Zanzibar wanalima kwa biashara tangu 1989. Aina ya cottonii ndo yenye bei, maji yakipata joto inapauka inakatika, huo ugonjwa mnaouita aisi-aisi. Aina nyingine, spinosum, inavumilia zaidi ila bei yake ya kulia. Sasa shangazi akikukatia kipande kilichopauka, akakwambia kilianza kupauka wiki gani na upande gani wa kamba, hayo nayo si data? Utaandika jina lake wapi? Maana safari hii mtaalamu anayepokea vichupa ni wewe.

Sikwambii usaini, sikwambii usisaini. Ingekuwa mimi ninge... hapana, naacha, mwisho mtasema nilikuchagulia. Kabla hujaweka sahihi lakini, muulize profesa wako kwa maandishi, watakaochota huku majina yao yatakaa wapi kwenye paper, na nusu ya kila sampuli itabaki kwenye friza ya nani. Akijibu nirushie hapa WhatsApp kama alivyoandika, usinifupishie, ndo tutaongea.

Mama yako